Nani Aliacha Dirisha Wazi?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Katibu alipita kwenye kiwanda cha mikate kumpelekea baba yake chupa ya chai. Kiwanda ni jina la heshima tu. Palikuwa na vyumba vitatu: cha kukandia unga, cha tanuri, na stoo ya nyuma ya tanuri, ambako magunia ya unga yalikaa makavu mwaka mzima. Baba yake ndiye aliyekuwa mwokaji mkuu, na mwenzake alikuwa bwana mmoja mnene, mcheshi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bonge.

Katibu mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba. Jina hilo alilipata kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Darasa lilimchagua kuwa katibu, wenzake wakazoea, nyumbani wakalidaka, na sasa hata bibi yake alimwita hivyo hivyo.

Kilichompendeza zaidi pale kiwandani ni ubao mweusi uliotundikwa juu ya mabeseni mawili ya kukandia. Mtu akitia chochote kwenye beseni, ilikuwa lazima aandike kazi aliyoifanya na jina lake: "Nimetia hamira, beseni la kwanza. Bonge." Bila jina, baba alifuta na kuuliza upya. Sheria hiyo ilianza baada ya mkasa wa chumvi. Siku hiyo ubao uliandikwa "Chumvi imetiwa" na basi, hakuna jina wala beseni. Mmoja akadhani ni hili, mwingine akadhani ni lile, na mwishowe beseni moja likapata chumvi mara mbili, la pili halikupata hata punje. Nusu ya wateja walirudi wakitafuta maji, na nusu nyingine wakitafuta ladha.

"Shikamoo, Bonge," alisalimia Katibu asubuhi moja ya Jumanne. "Leo mmetia chumvi?"

"Marahaba. Na wewe mtoto, hiyo habari ina miaka mitatu sasa. Iache ipumzike!"

Jumanne hiyo mwalimu wa Kiingereza aliingia darasani na chaki mbili, moja mkononi na nyingine amebana nyuma ya sikio. Aliandika sentensi mbili ubaoni: "The cat ate the fish." Chini yake: "The fish was eaten."

"Ya kwanza ni kauli ya kutenda," alisema. "Paka tunamwona kabisa, anajilamba ndevu. Ya pili ni kauli ya kutendwa. Samaki kaliwa. Sasa paka yuko wapi?"

"Katoroka, mwalimu!" alipaza sauti msichana aliyekaa na Katibu dawati moja. Huyo aliitwa Redio, na huhitaji kuelezwa kwa nini.

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka. "Redio kaniwahi leo. Kauli ya kutendwa ina kazi yake nzuri. Tukisema shule hii ilijengwa zamani, hatuna haja ya kumtaja kila fundi aliyebeba tofali. Wakati mwingine mtendaji hajulikani, wakati mwingine hana umuhimu. Lakini kabla hujamtoa mtendaji kwenye sentensi, jiulize unamtoa kwa nini."

Maneno hayo ya mwisho Katibu hakuyasikia. Alikuwa ameinama akijaribu sentensi zake mpya, na alizipenda mno. Zilikuwa na uzito wa matangazo ya serikali. Badala ya "tulifagia darasa" aliandika kwa Kiingereza kwamba darasa lilifagiliwa. Badala ya "tulikula chakula" aliandika kwamba chakula kililiwa. Alijiona mtu mzima kabisa, ofisini, nyuma ya meza kubwa. Kazi yake ilikuwa kuandika ripoti ya juma kwa Kiingereza na kuisoma kwenye gwaride la Ijumaa mbele ya shule nzima, na safari hii alikusudia kuwashangaza watu.

Jumatano saa ya mapumziko ya mchana alikwenda maktaba. Mtunza maktaba alikuwa dada mmoja mrefu mwenye miwani yenye kamba, na wanafunzi walimwita Bi Maktaba. Alikuwa kwenye mwaka wake wa kwanza wa kazi, bado anapimwa kama anafaa. Kati ya wanafunzi wote, alimruhusu Katibu peke yake kukaa mle ndani wakati yeye amekwenda kula, kwa sharti moja: akifungua dirisha, alifunge. Komeo lake lilikuwa limevunjika, kwa hiyo lilifungwa kwa waya uliozungushwa mara tatu.

Siku hiyo joto lilikuwa kali. Katibu aliufungua waya, akasukuma dirisha nyuma ya pazia, akakaa pembeni yake kuandika mwanzo wa ripoti. Kengele ilipolia alikuwa katikati ya sentensi tamu. Alikurupuka, akakusanya daftari zake, akatoka mbio ili asichelewe kipindi cha hesabu. Waya ulibaki unaning'inia.

Jioni mvua ilinyesha, na upepo ukaielekeza upande ule ule.

Alhamisi asubuhi wanafunzi walijazana mlangoni pa maktaba. Rafu ya chini ya dirisha ilikuwa imelowa chapachapa. Vitabu vya hadithi thelathini na nne na kamusi mpya sita vilikuwa vimevimba, kurasa zimegandana. Bi Maktaba alikuwa amepiga magoti sakafuni, anaviokota kimoja kimoja na kuvipangusa kwa mtandio wake mwenyewe.

Katibu aliuona waya unaning'inia, akakumbuka kengele ya jana. Alitaka kusema. Nawaambia kweli, alifungua mdomo kabisa. Lakini mwalimu wa zamu alimgeukia na kusema, "Katibu, hili nalo uliweke kwenye ripoti ya kesho." Basi akaufunga mdomo, maana sasa alikuwa na kalamu, na kalamu ilimwonyesha njia ya kupita bila kuonekana.

Mchana huo aliandika: "The window was left open." Dirisha liliachwa wazi. Vitabu arobaini viliharibiwa na mvua. Alisoma mara mbili. Hapakuwa na uongo hata chembe. Dirisha kweli liliachwa, na vitabu kweli viliharibika. Hata hivyo alisoma mara ya tatu.

Redio alichungulia daftari lake. "Nani kaliacha?"

"Haijaandikwa."

"Naona haijaandikwa. Nauliza nani?"

"Redio, hebu zima kidogo," alisema Katibu, akafunika ukurasa.

Ijumaa alisimama mbele ya shule na kusoma. Kiingereza chake kilitiririka, walimu wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Alipomaliza, mwalimu mkuu alishika kiuno. Alikuwa mama mwenye sauti nzito, asiyependa maneno mengi.

"Ripoti nzuri," alisema. "Dirisha liliachwa wazi. Sasa, maktaba hufungwa na nani?"

Macho ya shule nzima yaligeuka upande mmoja, yakamkuta Bi Maktaba amesimama mwishoni mwa mstari wa walimu.

"Ufunguo ninao mimi, mwalimu mkuu," alisema kwa sauti ya chini. "Pazia lilikuwa limefungwa. Sikulifunua kuangalia dirisha."

Mwalimu mkuu alinyoosha mkono, na ufunguo wa maktaba ukatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine mbele ya watoto mia tano. Alitangaza kwamba maktaba imefungwa, na kwamba Jumatatu kamati ya shule ingekaa kuamua kama mtunza maktaba anafaa kuendelea na kazi. Katibu alihisi karatasi ya ripoti inamchoma vidole.

Mapumziko ya asubuhi hayakufika mwisho kabla habari haijaota miguu. Watoto wa darasa la nne walisema Bi Maktaba alisinzia. Wa darasa la tano walisema hapana, alikwenda sokoni. Darasa la sita walijua hata alichokwenda kununua.

"Nani kawaambia?" aliuliza Katibu kwa hasira.

"Si ripoti yako?" alisema Redio.

"Ripoti yangu haikumtaja!"

"Haikumtaja, sawa. Lakini haikumtaja mwingine pia. Sasa ulitaka tumweke nani hapo?"

Ndipo Katibu alipoelewa. Kumbe ile nafasi aliyoiacha kwenye sentensi haikukaa tupu hata siku moja. Watu walikuwa wamemsukumia ndani mtu aliyesimama karibu.

Saa ya kwenda nyumbani, Bi Maktaba alimsimamisha kwenye ukumbi. Alitoa kalamu ya bluu yenye kifuniko kilichotafunwa. "Hii ni yako, mwanangu. Niliiokota Alhamisi, kwenye kizingiti cha dirisha." Alimkabidhi, akavaa mkoba wake begani na kuondoka. Hakuuliza kitu. Katibu alibaki ameishika kalamu hiyo, na afadhali angetukanwa.

Jumamosi darasa la saba lilikuwa na masomo ya ziada kuanzia saa tatu. Katibu hakuwa amelala vizuri wala kula vizuri. Alipeleka chai kiwandani kama kawaida, akakaa juu ya gunia, akawatazama wakubwa wakifanya kazi.

Mara harufu ya kuungua ilijaa chumba. Bonge alipiga kelele, akavuta trei mbili kutoka kwenye tanuri. Mikate ilikuwa myeusi kama chini ya sufuria. Aliitazama kwa masikitiko, akaweka trei chini, kisha bila kuambiwa na mtu akaenda ubaoni na kuandika: "Nimeunguza trei mbili, upande wa kushoto. Nilikuwa napiga soga. Bonge."

"Huogopi?" Katibu alimwuliza.

"Nani kasema siogopi? Babako akisoma hapa, leo nitasemwa mpaka masikio yapate joto." Bonge alijifuta jasho. "Lakini nikiandika 'mikate imeungua', atadhani tanuri ni bovu. Ataita fundi, watalifumua, kesho hatuoki. Au atamshuku mpimaji wa moto wa tanuri aliyekuja jana, mtu wa watu, hana habari. Bora nisemwe mimi, kazi iendelee."

Baba aliingia na beseni, akasoma ubao. Alimsema Bonge kweli, na alimsema kwa urefu. Kisha akakata mkate mmoja ulioungua, akaangalia kama ndani pamesalimika, wakaanza kubishana kwa kucheka kama kuku wa jirani wangeukubali. Mambo yakaisha. Katibu alishangaa kuona jinsi yalivyoisha upesi.

"Baba," alisema, na machozi yakamtoka kabla ya maneno. "Mimi ndiye niliyeacha dirisha la maktaba wazi."

Alieleza yote: joto, waya, kengele, ripoti, ufunguo, kalamu. Baba alisikiliza, mikono yake ikiwa bado na unga. Alipomaliza, baba alikaa kwenye gunia la pili.

"Yule dada atasikilizwa lini?"

"Jumatatu."

"Na vitabu viko wapi?"

"Vimefungiwa mle mle maktaba, baba. Bado vimelowa."

"Mpaka Jumatatu vitakuwa vimeota ukungu."

Katibu aliangalia mlango wa stoo ya nyuma ya tanuri. Humo hata kitambaa cha kupangusia kilikauka kabla hujarudi kukichukua. Aliangalia rafu za waya za kupozea mikate, tupu, zimepangwa ukutani. "Baba, tukivileta hapa je? Vikisimamishwa kwenye rafu, viwe wazi kidogo? Pale si pa moto sana, ni pakavu tu."

Bonge alipiga makofi. "Na karatasi za kufungia mikate tunazo, tunaweka katikati ya kurasa zinyonye maji! Mkokoteni uko nje, naenda kuuvuta."

"Ngoja," alisema baba. Alimtazama binti yake usoni. "Wazo ni zuri sana. Lakini utaanza na lipi, kukausha vitabu au kusema?"

Katibu alitamani sana kuanza na vitabu. Angefika shuleni kama mwokozi, na pengine watu wangesahau kuuliza. Alijua baba naye ameliona hilo.

"Nitaanza na kusema," alijibu.

"Haya. Nikusindikize?"

"Mpaka getini tu, baba."

Mwalimu mkuu alikuwa ofisini kwake pamoja na mwalimu wa Kiingereza, wanapanga mitihani. Katibu aliamkia, akaitikiwa, akasimama katikati ya zulia. Sentensi kubwa kubwa zote zilimkimbia. Ilibaki moja fupi.

"Mwalimu mkuu, mimi niliacha dirisha wazi. Si Bi Maktaba."

Mwalimu wa Kiingereza aliweka kalamu yake mezani. Mwalimu mkuu alimwuliza maswali matatu, ya moja kwa moja, na Katibu akajibu yote. Ndipo mwalimu mkuu akaagiza Bi Maktaba, aliyekuwa amekuja kuchukua vitu vyake, aitwe.

"Huyu mtoto anasema ndiye aliyeacha dirisha. Ulijua?"

Bi Maktaba alirekebisha miwani. "Nilishuku. Nilikuta kalamu. Lakini kalamu haisemi ni nani aliyefungua wala ni lini, na mimi kweli sikufunua pazia. Kosa langu nililisema. Sikutaka kumbebesha mtoto kosa kwa kubahatisha."

Katibu alilia waziwazi sasa. "Nisamehe, dada. Nilikuona unapangusa vitabu kwa mtandio wako, na nikanyamaza."

"Nimekusamehe," alisema Bi Maktaba, na sauti yake pia ilikuwa imelowa. "Lakini iliniuma. Usidhani haikuniuma."

Mwalimu mkuu alikohoa. Alisema kwamba Katibu asingekaa peke yake maktaba kwa muhula mzima, na kwamba angesaidia kutengeneza kila kitabu kilichoharibika. Alisema pia kwamba shule nzima ilisikia ripoti ya Ijumaa, kwa hiyo shule nzima itasikia na masahihisho yake. Katibu aliitikia. Hapo ndipo alipotaja stoo ya nyuma ya tanuri.

Saa moja baadaye mkokoteni wa mikate ulitoka getini umepakia vitabu arobaini, Bonge mbele akipaza sauti, "Jamani nipisheni, nimebeba wasomi!" Siku mbili hizo Katibu, Redio na Bi Maktaba walifanya kazi pale kiwandani. Walitenganisha kurasa moja moja, wakaweka karatasi katikati, wakazibadilisha zilipolowa. Redio alisoma kwa sauti kila ukurasa alioufungua, mpaka Bonge akataka kujua mwisho wa hadithi tatu tofauti. Kamusi mbili zilishindikana. Vingine vyote vilikauka, vikiwa na tumbo kidogo, lakini vinasomeka.

Jumatatu, kabla ya kamati kukaa, gwaride lilipangwa. Katibu alifungua karatasi. Kiingereza chake safari hii kilikuwa kifupi, hata watoto wa darasa la nne walikifuata. "I opened the window. I did not close it. I wrote a report and I hid myself in it." Kisha akasema kwa Kiswahili, ili asibaki mtu asiyeelewa: "Niliandika ripoti, nikajificha ndani yake. Bi Maktaba hakusinzia, na hakwenda sokoni. Mimi ndiye niliyeacha dirisha wazi."

Kuna waliocheka nyuma. Masikio ya Katibu yalipata joto, kama ya Bonge. Lakini alipokunja karatasi, pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu Alhamisi ilitoka yote. Mwalimu mkuu alitoa ufunguo mfukoni, akamrudishia Bi Maktaba mbele ya watoto wale wale mia tano. Kamati ilipokaa siku hiyo, haikuwa na cha kuamua zaidi ya kununua komeo jipya.

Kipindi cha Kiingereza kilipofika, mwalimu alichora mstari katikati ya ubao.

"Msije mkachukia kauli ya kutendwa," alisema. "Itawafaa sana maishani. Itumieni pale mtendaji asipojulikana, au anapokuwa si muhimu. Lakini ukiwa unamjua, na kujulikana kwake kunamwokoa mwenzako, mwandike. Na ikiwa ni wewe, jiandike wa kwanza. Ukijificha ndani ya sentensi, wasomaji watamtafuta mtu wa kumweka mahali pako, na watampata tu. Kusema 'mimi nilifanya' kunatisha kwa dakika moja. Kunyamaza kulimtisha mwenzenu siku tatu, na kulimwumiza mtu asiye na hatia. Hivi ndivyo mtu mwaminifu anavyoandika, kwa lugha yoyote."

"Na paka, mwalimu?" aliuliza Redio.

"Paka amerudi," alisema mwalimu. "Amekaa pale, dawati lako."

Katibu alicheka pamoja na wenzake, kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa.

Juma lililofuata maktaba ilifunguliwa. Ilinukia mikate mipya kila kona, na watoto wasiokuwa na desturi ya kusoma waliingia kwa sababu ya harufu, wakabaki kwa sababu ya hadithi. Kando ya dirisha Bi Maktaba alikuwa ametundika ubao mdogo mweusi, zawadi kutoka kiwandani. Kengele ilipolia, Katibu alifunga komeo jipya, akalivuta mara mbili kuhakikisha, kisha akachukua chaki na kuandika kwa mwandiko wake mzuri: "Nimefunga dirisha. Katibu."